Ngazi Moja Upande wa Tezi

Bankstown, Sydney
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Natumai karatasi hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua za safari hii hazikurudia kulibomoa banda la kuku. Kwa upande wangu afya ipo. Sina homa, sikohoi, na kila siku ya tatu natiwa kijiti kirefu puani mpaka machozi yananitoka, kisha majibu yanakuja kwamba sina kitu. Kwa hiyo kuhusu mwili wangu usiwe na wasiwasi.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka. Nimeandika kwa mkono, nitapiga picha kurasa zote nikutumie, maana ndege zenyewe haziruki na posta siiamini. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu unanishinda. Nikikuuliza swali, hapo hapo mtandao unaanza kusumbua, au mchuzi unaungua jikoni, au kuna mtu anapiga hodi. Barua haina mtandao. Isome ukiwa peke yako, mpaka mwisho.

Swali lenyewe ni moja, na nalitaja mapema ili usihangaike kulitafuta. Baba yuko wapi? Hii ni wiki ya saba sijasikia sauti yake. Mwanzo mliniambia ana changamoto ya upumuaji, kidogo tu, anapiga nyungu na anaendelea vizuri. Tangu hapo kila nikipiga amelala. Asubuhi kalala, adhuhuri kalala, baada ya magharibi kalala. Mtu aliyetunyima usingizi wa alfajiri utoto wetu mzima leo amegeuka bingwa wa kulala. Sikugombezi, dada. Nataka kwanza nikusimulie jambo lililotokea kazini, halafu utaelewa kwa nini siwezi kuendelea kungoja.

Bado niko kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee kule Lidcombe. Ni karibu kwa treni, na siku hizi behewa zima naweza kulikalia peke yangu. Mji umefungwa. Mitaa yetu ya huku ndiyo iliyobanwa zaidi, kutoka ni kwa kibali, na helikopta ya polisi inatuzungukia juu utadhani tumeiba kitu. Kazini wageni hawaingii. Watoto wa wazee wanakuja kusimama bustanini, wanaongea na wazazi wao kwa simu huku wanatazamana kwenye kioo. Cheti changu cha uchoraji wa ramani za kuundia meli kiko kwenye bahasha chini ya kitanda. Hapa wanasema nirudie kusoma, nami kwa sasa naogesha wazee, nawalisha, nawageuza. Ni kazi ya halali na siidharau.

Kuna mzee mmoja ninayemhudumia, anaitwa Walter. Ana miaka tisini na tisa. Macho yake yamekufa, anaona mwanga tu, lakini masikio na akili vipo kamili. Miezi miwili iliyopita binti yake Margaret, naye tayari bibi mtu mzima, aliacha kasha getini lililojaa makaratasi ya zamani ya baba yake ili apate cha kumshughulisha. Ndani yake mlikuwa na michoro mikubwa ya buluu, imekunjwa mpaka imechanika kwenye mikunjo. Walter alimwomba nesi amweleze kilichochorwa. Nesi akamwambia ni meli. Akamuuliza mwingine, naye akamwambia ni meli.

Mimi nilikuwa nabadilisha shuka. Nikachungulia, nikamwambia, "Hii ni nusu ya nyuma ya manowari ndogo, imekatwa kwa urefu ili tuone ndani. Fremu zimepewa namba kuanzia omo, mbele, kwenda tezi, nyuma. Na kuna mtu amefuta kitu karibu na tangi la maji."

Akageuza uso upande wangu taratibu. "Umejifunzia wapi?" akaniuliza.

"Dar es Salaam," nikamwambia.

"Basi kaa chini," akasema.

Toka siku hiyo, kila baada ya chakula cha mchana natumia mapumziko yangu kumsomea michoro. Walter alikuwa mchoraji kwenye kiwanda kimoja cha meli hapa Sydney wakati wa vita kuu ya pili. Manowari hizo zilibuniwa Uingereza katika ile miaka ya kati ya vita kuu mbili, na chache zikajengwa huku kwa michoro ile ile. Anasema waliozibuni walikuwa na mawazo mawili kichwani. Vita ikija, zifagie mabomu yaliyotegwa baharini na kusindikiza misafara ya meli za mizigo. Amani ikiwepo, zitembelee makoloni, zitandaze turubai jeupe juu ya sitaha, gavana anywe chai. Na kweli, kwenye mchoro wa kwanza sebule ya nahodha ni kubwa kuliko stoo ya mabomu. Mizinga ni michache, tena haiwezi kuinua shingo kutazama juu. Nadhani hata kwetu Tanga ziliwahi kutia nanga na wakubwa wakapigiwa mizinga ya heshima.

Vita ilipokuja, adui alitokea chini kwa nyambizi na juu kwa ndege, pande mbili ambazo mchoro wa kwanza haukuzitazama vizuri. Ikabidi meli zirudi gatini moja moja kubadilishwa. Mizinga ya zamani ikang'olewa, ikafungwa mingine ya mitutu miwili miwili inayopiga angani. Tezini yakapangwa mabomu ya umbo la pipa ya kuwadondoshea wa chini. Kwenye mkuku, uti wa chini wa meli, chombo cha kusikilizia nyambizi, kwenye mlingoti rada. Na kila kifaa kinakuja na watu wake, kwa hiyo mabaharia wakaongezeka, na mahali pa kulala palikuwa ni pale pale.

Tatizo ni uzito. Meli ikizidiwa juu, inalala ubavu na haina haraka ya kuinuka. Ukiongeza mzinga juu inakubidi uongeze farumi chini, vipande vya chuma vya kuituliza, na ukiongeza farumi meli inazama zaidi na mwendo unapungua. Walter anasema ofisini kwao swali lilikuwa moja tangu asubuhi mpaka jioni: unaongeza hiki, unatoa nini? Wakatoa mashua. Wakatoa makabati. Wakaila sebule ya nahodha kipande kwa kipande. Nilifurahi sana siku hizo, dada, nakuambia ukweli. Miaka minne hapa nchini, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza maoni yangu juu ya kitu nilichokisomea.

Siku moja nikamsomea mchoro wa pili wa upande wa tezi, ule wa mabadiliko. Nikamwambia, "Chumba cha kulala mabaharia kilikuwa na ngazi mbili za kupandia sitahani, kulia na kushoto. Hapa ya kulia imefutwa. Tundu lake limezibwa kwa bamba, na mahali pake pamewekwa makasha ya risasi za mzinga mpya. Imebaki ngazi ya kushoto."

Akapapasa ukingo wa karatasi. Kisha akauliza, "Pembeni chini kuna herufi za mchoraji. Zisome."

Nikazisoma. Zilikuwa za jina lake.

Ndipo akanieleza habari ya kaka yake Jack. Alikuwa fundi wa boila, ule mtambo wa mvuke wa chini kabisa, kwenye meli hiyo hiyo. Walter aliagizwa kuichora ile ngazi itoke, akaichora kwa siku moja, mkuu wake akatia saini, Jack akasafiri nayo. Meli ikapigwa kwa topido, kombora la chini ya maji, na kuzama, na Jack hakurudi. Baadaye mabaharia watatu waliookoka walikuja nyumbani kwa mama yao Walter na Jack. Walikunywa chai, wakamwambia mama kwamba Jack alikuwa juu, kwenye mzinga, na hakujua kitu.

"Wote watatu walisema hivyo hivyo," Walter akaniambia. "Watu watatu walioona jambo moja hawalisemi kwa maneno yale yale. Na fundi wa boila anatafuta nini kwenye mzinga?"

Akamwandikia baharia mmojawapo kumwomba amweleze kweli. Majibu hayakuja. Akaamini kwamba yule mtu alishindwa kumwambia mchoraji kile mchoro wake ulichofanya. Alingoja mpaka akaoa, akazaa, akastaafu, akapofuka.

Wiki iliyofuata Margaret alipiga simu ya wodini, akaniomba mimi. Alikuwa analia. Alisema kwenye lile kasha kuna bahasha ya kahawia ambayo hakukusudia kuiweka. Ni yale majibu. Yalikuja, bibi yake, mama mzazi wa Walter, akayapokea, akayasoma, akayaficha ndani ya biblia yake, na Margaret aliyakuta bibi alipofariki. Naye akayaficha. "Itoe," akaniambia. "Usimsomee. Ana miaka tisini na tisa, mwache aende kwa amani."

Nilimwelewa kuliko yeye alivyojua. Wewe unakumbuka Bibi Mwanahamisi alipofariki. Nilikuwa Dar kwenye mitihani, nanyi mkaniambia nikimaliza nije kidogo, Bibi ananiulizia. Nikanunua doti ya kanga za kumletea. Nikafika nayo mkononi, nikakuta hata matanga yameshaanuliwa. Nilikubali. Ndivyo tulivyolelewa: mgonjwa haambiwi, msafiri haambiwi, mjamzito haambiwi. Tunampokea mtu kidogo kidogo mpaka ajue mwenyewe. Kwa hiyo sikumwona Margaret ana kosa lolote, nikamwahidi.

Nilipoingia chumbani kuitoa, Walter alikuwa ameishika. Vidole vyake vilikuwa vimefika chini ya kasha kabla yangu.

"Hii ni nini?" akauliza. "Nisomee."

Hapa ndipo nilipokosea, dada, na nilikosea kwa namna ya kwetu kabisa. Mtu wa hapa angesema siruhusiwi, ongea na familia yako. Mimi niliichukua bahasha, nikafungua karatasi, nikaitazama sana, nikatunga. Nikamsomea barua isiyokuwepo. Nikasema inatoka kwa baharia mwenzake Jack, inatoa pole, inasema Jack alikuwa mtu mwema, alikuwa juu kwenye mzinga na hakujua kitu. Hata sauti niliilegeza, kama Shangazi Zuhura anapoanza kukuambia habari mbaya. Nilijiona nimetenda wema.

Walter akanyoosha mkono akachukua zile karatasi. Akazihesabu kwa kidole. "Kurasa nne," akasema, "na hukugeuza hata moja." Halafu akasema, bila hasira, "Wale walikuwa watatu. Na wewe umekuwa wa nne."

 Nilisikia aibu mpaka mashavu yakaniwaka ndani ya barakoa.

"Niliandika barua nikauliza," akasema. "Majibu ni yangu. Huna haki nayo, na aliyeyaficha hakuwa na haki nayo. Mnanilindia maisha gani, kijana wangu? Yamebaki mangapi?"

Nikamsomea, dada. Zote nne, na nilizigeuza. Yule baharia aliandika kwamba topido ilipiga, taa zikazimika, meli ikaanza kulala upande. Jack alikuwa chini, alikuwa amelala, zamu yake ilikuwa imekwisha. Watu waliokuwa upande wa kulia walilazimika kuvuka chumba gizani kuifuata ngazi ya kushoto. Ngazi ilikuwa moja na watu walikuwa wengi. Yeye alipanda, na Jack alikuwa nyuma yake, alimsikia akiwataja wenzake kwa majina wasogee. Alipofika juu akageuka kumpa mkono, na maji yalikuwa yameshafika. Mwishoni aliandika kwamba walikubaliana kumwambia mama maneno ya namna moja, lakini Walter alikuwa ameuliza kama mwanamume na alistahili kujibiwa.

Nilitaka kumpoza. Nikamwambia ile mizinga mipya bila shaka iliwaokoa watu wengi siku nyingine, na bila makasha ya risasi mizinga haina kazi, na yeye alichora alichoagizwa. Yote ni kweli, mimi ni mchoraji pia na najua.

"Usinihesabie waliopona," akasema.

Akalia. Alilia kwa muda mrefu na nilimshika mkono, ingawa sheria ya sasa inataka tugusane kwa kazi tu. Alipomaliza akaniambia, "Miaka yote hii nimekuwa na Jack wawili. Mmoja juu, mmoja chini. Nikitaka kumlilia wa chini, wa juu ananiambia ngoja, huna uhakika. Sikumlilia hata mmoja." Jioni alikula sahani nzima ya viazi akaomba nyingine.

Margaret alikasirika sana aliposikia, na ana haki, maana nilimwahidi. Meneja akaniita, akanipa onyo la maandishi ambalo nililitia saini. Hata Mama Divine, yule Mrundi wa zamu yangu aliyekulia kambini Kigoma, alinisema mbele ya watu.

"Weye Salehe, kwa nini ulimusomea? Mutu mukubwa hivyo, moyo yake ingesimama. Kwetu mimi, mama alipokufa, walinificha miezi mbili. Nilikuwa na mimba ya Divine. Ni vizuri walifanya."

Nikamuuliza, "Na walipokuambia, ulisikiaje?"

Akaendelea kukunja taulo. Alikunja tatu nzima. "Bado sijawasamehe," akasema.

Walter yuko hai mpaka leo ninapoandika. Margaret anakuja dirishani, na sasa baba yake anamsimulia visa vya Jack: jinsi alivyomfundisha kuogelea kwa kumsukuma majini, jinsi alivyoimba vibaya. Margaret ana umri wa miaka sabini na alikuwa hajawahi kusikia hata kisa kimoja cha baba yake mkubwa. Juzi alinipungia mkono kutoka bustanini. Nikampungia.

Sasa turudi kwetu.

Unasahau kazi niliyosomea, dada. Mimi nimefundishwa kutazama mchoro wa zamani na mchoro wa sasa, na kuona kilichoongezwa na kilichotolewa. Nyumba yetu naijua. Kwenye video ya kwanza baada ya Baba "kulala", makochi yalikuwa yamesukumwa nje barazani, na sebuleni mmetandika mikeka ya msikitini, ile yenye ukingo wa kijani. Ulisema mnapiga rangi. Nyuma yako shemeji alipita na kanzu, siku ya kazi, saa ambayo huwa yuko dukani. Fimbo ya Baba haipo kwenye msumari wake. Hayo yote ningeweza kuyatafutia maelezo, na niliyatafuta.

Lakini Mama. Wiki saba Mama hajaenda sokoni. Mama, ambaye hata homa haikumzuia kwenda kugombana na wauza samaki. Kila nikimwomba yumo ndani. Mara moja tu mlimpa simu, akaniuliza kama nimekula, akarudia kuniuliza kama nimekula, na alikuwa amejitanda nguo nyeupe tupu. Sijawahi kumwona Mama na nguo isiyo na maneno wala maua. Mwanamke anayekaa ndani hivyo, kwa mavazi hayo, kwa muda huo, kwetu ni yupi? Nimelijua jibu tangu wiki ya tatu na nimekataa kulitamka hata nikiwa peke yangu.

Najua mlivyofikiri. Mipaka imefungwa, hawezi kuja. Yuko peke yake kwenye chumba cha watu, akianguka nani atamshika? Tumwache mpaka mipaka ifunguliwe, aje, tumpokee na watu wake. Najua ni mapenzi, na ningekuwa huko pengine mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kusema amelala. Nimeshamfanyia mtu hivyo hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Lakini nimeshika mkono wa mtu aliyengoja karibu miaka themanini, na sitaki.

Usiogope kwamba sina watu. Wapo Watanzania wa hapa Bankstown, hatuwezi kukusanyika lakini tunasomeana dua kwenye simu. Mama Divine ataniletea chakula mlangoni, atanigombeza na ataniletea. Nikianguka nitainuka.

Nisalimie shemeji Bakari, na umwambie ile kanzu imempendeza, sina kinyongo naye. Nisalimie Shangazi Zuhura, ambaye najua ndiye aliyewapangia cha kuniambia, kwa sababu yeye ndiye hodari wa mambo hayo. Mpwa wangu Rukia mpe pole ya kubebeshwa siri na watu wazima. Nimeona anavyokimbia kila simu yangu ikilia. Mama mwambie nimekula.

Salamu za Baba sikuandika. Kila nikimaliza kuswali nanyanyua mikono, nawapitia nyote kwa majina, nikifika kwake nakwama. Nikimwombea rehema naogopa nimemzika mtu aliye hai. Nikimwombea shifaa, apone, naogopa ameshaondoka, na hakuna dua ya mwanawe hata moja iliyomfikia kwa wiki saba. Nijibu leo, dada, hata kwa neno moja: nimwombee ipi?

Mdogo wako,
Salehe